Ruzuku ya mradi wa elimu ya pombe kijijini: namna ya kuiomba, hatua kwa hatua

Simu ni ileile kila mara. "Kaka, tuna kikundi chetu, tunataka kuelimisha vijana madhara ya pombe. Mfadhili tutampata wapi?" Nikiuliza kikundi kimesajiliwa wapi, kimya. Nikiuliza mnahitaji shilingi ngapi, najibiwa "chochote kitakachopatikana". Nimechoka kurudia majibu kwa simu, kwa hiyo nimeyaandika.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha Tanzania Bara ambacho hakijawahi kupata ruzuku. Zanzibar ina msajili wake na sheria zake. Mfano nitakaoutumia ni wa kata ya kubuni wilayani Rombo, ambako kuna mbege ya kilabuni na gongo ya uchochoroni. Wewe wa Iringa weka ulanzi wa mianzi, wa Mtwara weka uraka wa mabibo. Njia ni moja.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Cheti cha usajili. Kikundi cha kijamii kinaandikishwa halmashauri, kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Shirika kamili, yaani NGO, linasajiliwa na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Maombi yanafanyika mtandaoni.
- Katiba iliyosainiwa, yenye madhumuni yanayogusa afya au ustawi wa jamii. Katiba inayosema kikundi ni cha kufuga kuku haiwezi kuombea fedha za elimu ya pombe. Irekebishwe kwanza.
- Akaunti ya benki kwa jina la kikundi, yenye watia saini wasiopungua wawili. Namba ya simu ya mweka hazina si akaunti ya kikundi.
- TIN ya kikundi, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato).
- Mihtasari ya vikao ya mwaka mmoja uliopita, yenye mahudhurio na saini.
- Taarifa ya mapato na matumizi, hata kama fedha pekee mliyowahi kushika ni michango ya sh. 2,000 kwa mwezi. Daftari safi la laki tatu limewahi kushinda andiko zuri la maombi ya ruzuku la watu wasio na daftari. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa kwenye meza ya wanaosoma maandiko.
- Watu wawili: mmoja anayeandika vizuri, mwingine anayependa hesabu. Wasiwe mume na mke.

Kama cheti hamna, msitafute mfadhili bado. Kajisajilini, kisha mfanye kazi ndogo ya kujitolea kwa miezi sita na muiandike. Hiyo ndiyo itakuwa historia yenu.

Hatua ya 1: Chagua pombe moja, mahali pamoja, watu wa aina moja

"Kupunguza ulevi katika jamii" si mradi. Kata yetu ya mfano ina matatizo matatu tofauti yanayovaa shati moja. Wapo wazee wanaokunywa mbege tangu saa tatu asubuhi. Wapo vijana wa bodaboda wanaokunywa gongo na pombe kali za chupa ndogo kisha wanapakia abiria. Na wapo kina mama wanaopika hiyo mbege, kwa sababu ndiyo inayolipa michango ya shule. Kila kundi lina dawa yake. Anayeahidi kuwatibu wote kwa milioni kumi hakuna atakayemwamini.

Ujue pia sheria inasema nini juu ya kinywaji ulichokichagua. Mbege inauzwa kwa leseni ya pombe za kienyeji. Gongo imepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, kuitengeneza ni kosa. Viroba, yaani pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017. Nimeshika andiko la mwaka juzi lililoomba fedha za "kupambana na viroba". Mfadhili aliyewahi kukaa Tanzania akisoma hivyo anajua mara moja kwamba limenakiliwa.

Kosa jingine la wageni: kupeleka mradi wa pombe kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kana kwamba pombe ni kazi yake. Wanaweza kuwapa mtaalamu wa kuzungumza na wanafunzi, lakini vilabu na leseni viko mikononi mwa halmashauri.

Hatua ya 2: Hesabu kwa wiki mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na ndiyo inayoleta fedha. Ukurasa wa kwanza wa maandiko mengi unaanza na WHO, Shirika la Afya Duniani: watu milioni 2.6 walikufa duniani mwaka 2019 kwa sababu zinazotokana na pombe. Ni kweli, ila mfadhili anaijua kuliko wewe. Asichokijua ni kwamba kata yako ina vilabu 14, vyenye leseni ni 5, na 9 vinafunguliwa kabla ya saa nne asubuhi siku za kazi. (Hizi ni namba za mfano. Zako kazihesabu.)

Fanya hivi:

1. Tembea kata nzima na mwenyekiti wa kitongoji. Andika kila kilabu, grosari na nyumba inayouza, na umbali wake kwa hatua kutoka shule iliyo karibu.
2. Kwa siku 14, watu wawili wapite saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, wahesabu wateja. Jumamosi na siku za gulio ziandikwe peke yake.
3. Mwombe mganga mfawidhi wa zahanati idadi ya majeruhi wa mwezi, na wangapi walifika wakiwa wamekunywa. Unaomba idadi tu. Majina na madaftari ya wagonjwa usiyaguse.
4. Omba idadi kama hiyo kwa Polisi Kata au Dawati la Jinsia na Watoto: mashauri ya ugomvi wa nyumbani, na ni katika mangapi pombe ilitajwa.
5. Zungumza na wapika pombe watano. Debe moja la ulezi ni bei gani, ndizi kiasi gani, faida ya wiki inabaki ngapi. Wataficha mwanzoni. Nenda na mwanamke wanayemfahamu, na usiende na mtendaji.

Usipige picha za walevi wamelala mtaroni. Najua zinavutia huruma. Wenye akili miongoni mwa wafadhili wanazikataa, na yule uliyempiga picha ni baba wa mtu katika kata hiyohiyo unayotaka ikuamini.

Muda pia uwekwe kwenye hesabu. Ulanzi hugemwa msimu wa mvua. Ukihesabu wakati wa mvua kabla ya mradi, kisha kiangazi baada ya mradi, ulevi utaonekana umepungua bila wewe kufanya lolote. Mkaguzi mmoja akiligundua hilo, umekwisha. Hesabu mwezi uleule, mwaka unaofuata.

Hatua ya 3: Amua ni kitu gani kitabadilika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na vikundi vingi.

Semina, bonanza la mpira, fulana zenye maneno "Pombe si Chai" na tamasha la kwaya ni mambo mazuri kwa siku ile. Ila mwaka 2018 WHO ilitoa mpango uitwao SAFER, wenye mambo matano yanayopunguza madhara ya pombe: kubana upatikanaji wake, kusimamia sheria ya ulevi barabarani, kuwapima watu na kuwapatia ushauri na tiba, kuzuia matangazo, na kupandisha bei kupitia kodi. Elimu peke yake haimo kwenye orodha. Mfadhili wa afya anayeijua kazi yake anajua hivyo, na akiona bajeti ya fulana 300 anafunga faili.

Basi mradi wenu wa elimu uufunge kwenye kitu kingine kinachoshikika. Kwa kata moja, mambo matatu yanawezekana.

La kwanza ni sheria ndogo ya kijiji. Serikali ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Saa za kufungua, umbali kutoka shule, marufuku ya kumtuma mtoto kununua pombe. Elimu inakuwa na kazi hapo, kwa sababu watu wanaelimishwa ili wapige kura juu ya jambo linalowahusu. Mara nyingine sheria ndogo ipo tayari, imelala kabatini kwa mtendaji. Mradi wenu ni kuiamsha.

La pili ni kupima na kushauri kwenye zahanati. Kuna dodoso la WHO liitwalo AUDIT, maswali 10, alama 0 hadi 40. Anayepata 8 na kuendelea anahitaji mazungumzo. Tafsiri yake ya Kiswahili imepimwa kwa wagonjwa wa hospitali ya KCMC, Moshi, na hapohapo KCMC pakaanzishwa mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ambao muuguzi anakaa na majeruhi na kuzungumza naye kwa muda mfupi juu ya unywaji wake. Kikundi chenu hakitibu mtu. Kinaweza kugharimia mafunzo ya wauguzi wawili, kisha kuwasindikiza watu hadi kwao. Angalizo dogo la dodoso: swali la pili linauliza vinywaji vingapi kwa siku, na mnywaji wa mbege hahesabu chupa. Kubalianeni na muuguzi mapema lita moja ya mbege ya kwenu itahesabiwaje.

La tatu ni kipato cha wapika pombe. Mradi unaomnyang'anya mama biashara bila kumpa nyingine utapigwa vita jikoni kwake, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji, na utashindwa. Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10. Huo ni mkopo, unarudishwa, usiuandike kwenye andiko kama ruzuku. Lakini ukisema "kina mama 10 tutawasaidia kuunda kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri", mfadhili anaona fedha yake inavuta fedha nyingine.

Chagua mawili kati ya hayo. Yote matatu ni ya mwaka wa pili.

Onyo la usalama. Mtu aliyezoea pombe kali kila siku kwa miaka mingi akiachishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona mauzauza, kupata degedege, hata kufa. Wahamasishaji wako wasimfungie mtu ndani "aachane nayo". Andiko liseme wazi ni hospitali gani mtampeleka na nauli inatoka fungu lipi.

Hatua ya 4: Tafuta mfadhili anayefanana na mradi wako

Fungu lenye jina "elimu ya pombe" ni nadra. Fedha zimo chini ya majina mengine: ukatili wa kijinsia, afya ya akili, usalama barabarani, ulinzi wa mtoto, utawala bora. Mradi wa sheria ndogo unaingia kwenye utawala bora. Mradi unaogusa ugomvi wa nyumbani unaingia kwenye mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, na kamati yake ya kata iwe mbia wako.

Pa kuanzia:

- Foundation for Civil Society (FCS), inayotoa ruzuku kwa asasi za Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hutangaza maombi kwa awamu, kila awamu na mada yake. Soma mada kwanza.
- Women Fund Tanzania Trust, ikiwa kikundi kinaongozwa na wanawake na mradi unawahusu.
- Mfuko wa Kanada wa miradi midogo, CFLI, kupitia ubalozi wao Dar es Salaam. Kiwango cha juu ni dola 100,000 za Kanada, ila miradi mingi hupata chini ya nusu ya hapo. Mwaka wao wa fedha unaisha 31 Machi, kwa hiyo wana haraka. Mradi wa polepole hauwafai.
- Mfuko wa Australia uitwao Direct Aid Program. Ubalozi wao unaohudumia Tanzania uko Nairobi.
- Movendi International yenye makao Stockholm, zamani IOGT International. Huu ni mtandao wa wanachama, usiwaandikie kuomba fedha. Faida yake ni kukutana na wenzako waliokutangulia.
- Halmashauri yako. Fedha taslimu ni ngumu, lakini ukumbi, gari la siku moja na muda wa wataalamu vinapatikana, na vyote vinahesabiwa kama mchango wenu.

Orodha za wafadhili zinazozunguka kwenye WhatsApp zichuje. Nyingi bado zina USAID, ilhali ilifungwa 2025. Na mfadhili wa kweli hatozi ada ya maombi. Anayesema "nina mtu ndani, nitumie laki mbili nikupitishie" ni tapeli, hata kama amevaa tai na amekuja na mheshimiwa.

Vipi fedha za kiwanda cha bia? Ninaulizwa sana. Viwanda vina miradi ya "kunywa kistaarabu" na hulipa haraka. Ushauri wangu ni kukataa, na sababu si dini. Ukishaipokea, wafadhili wengi wa afya ya jamii hawatakugusa tena. Baadhi ya fomu zao zinauliza kama umewahi kupokea fedha za watengenezaji wa pombe. Halafu siku sheria ndogo ya saa za kufungua ikijadiliwa, utasimama upande gani?

(Wasomaji wa Kenya: kwenu mlango wa kwanza ni NACADA, na vikundi vinasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya PBO, iliyoanza kutumika Mei 2024. Hatua za kuhesabu na za bajeti hazibadiliki.)

Hatua ya 5: Andika andiko dhana la kurasa mbili

Usianze na andiko kamili la kurasa 30. Wafadhili wengi wanataka kwanza andiko dhana (concept note), yaani muhtasari wa wazo la mradi. Wapo wanaopokea Kiswahili, waulize. Kiswahili safi kinashinda Kiingereza cha kuokoteza. Fuata mpangilio huu:

1. Tatizo, aya moja, na namba zenu za Hatua ya 2.
2. Nani atanufaika na wangapi. "Jamii nzima" hapana.
3. Kitakachobadilika baada ya miezi 12, kwa sentensi zisizozidi mbili. Mfano: "Vilabu vinavyofunguliwa kabla ya saa nne asubuhi siku za kazi vitapungua kutoka 9 hadi 3. Watu 60 watakuwa wamepimwa kwa AUDIT zahanati, na wenye alama 8 na zaidi wameshauriwa."
4. Mtafanya nini, kwa mafungu manne au matano.
5. Mtajuaje. Nani anahesabu, lini, kwenye daftari gani.
6. Ninyi ni nani na mmewahi kufanya nini.
7. Jumla ya fedha na mchango wenu.

Kosa kubwa kwenye namba 3 ni kuandika shughuli kama matokeo. "Semina 10 zitafanyika" ni shughuli. Baada ya semina kumi, kilabu kitafungwa saa ngapi? Jibu la swali hilo ndilo tokeo.

Na msiahidi "kutokomeza". Hakuna kata iliyotokomeza mbege, na mbege yenyewe inanywewa kwenye harusi na matanga ya watu wenye adabu zao. Ukiandika kana kwamba kila mnywaji ni mgonjwa, wazee wa kata hawatakuja kwenye mkutano wako.

Hatua ya 6: Bajeti

Kila mstari uwe na watu, siku na bei. "Mafunzo: sh. 3,000,000" inarudishwa. Huu ni mfano wa mradi mdogo wa mwaka mmoja, wa kikundi kilichochagua sheria ndogo na kipato cha wapika pombe, bila zahanati. Bei ni za kuonyesha hesabu, zako zichukue sokoni kwenu:

- Mafunzo ya wahamasishaji, nauli na chakula: watu 12 × siku 3 × 15,000 = 540,000
- Mwezeshaji: siku 3 × 100,000 = 300,000
- Nauli za vitongojini: watu 12 × mara 2 kwa mwezi × miezi 10 × 5,000 = 1,200,000
- Vifaa vya biashara mbadala: kina mama 10 × 350,000 = 3,500,000
- Vikao vya sheria ndogo: 6 × 180,000 = 1,080,000
- Mratibu: miezi 12 × 300,000 = 3,600,000
- Hesabu ya mwanzo na ya mwisho: 2 × 400,000 = 800,000
- Makato ya benki, vocha, karatasi: miezi 12 × 60,000 = 720,000

Jumla sh. 11,740,000. Sasa iangalie kwa jicho la mfadhili. Mratibu peke yake anakula karibu asilimia 31, na hapo ataguna. Ama mratibu afanye kazi miezi 8, ama muonyeshe kwamba ndiye anayefanya hesabu na vikao, kisha mistari hiyo ipungue.

Kuna kitu pia nimekiacha makusudi, kwa sababu kila kikundi hukiacha. Mratibu mwenye mkataba wa ajira ana NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na asilimia 10 ya mwajiri ni sh. 30,000 kwa mwezi, sawa na 360,000 kwa mwaka. Haipo kwenye orodha. Itatoka wapi? Mshahara wa 300,000 umevuka pia kiwango cha 270,000 kisichotozwa PAYE, kodi ya mshahara. Na mwezeshaji akilipwa 300,000 mnamkata asilimia 5 ya kodi ya zuio, sh. 15,000, inayokwenda TRA. Mwambieni kabla ya semina. Akiambiwa siku ya malipo hamtaelewana.

Posho nayo ni ugonjwa. Ukianza kulipa "posho ya kukaa" kwa mkutano wa kijiji, hakuna atakayekuja bure tena, hata kwenye mkutano wa maji. Lipa nauli kwa anayesafiri na chakula kwa anayeshinda. Basi.

Hatua ya 7: Barua na mihuri

Barua tatu zinatosha: Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, na Mganga Mkuu wa Wilaya ikiwa zahanati imo. Kila barua iseme ofisi itafanya nini. "Tunaunga mkono mradi huu" inasemwa na kila mtu. "Tutatoa muuguzi mmoja kila Alhamisi" inasomwa mara mbili.

Waandikie rasimu wewe, uende nayo kwenye flashi na karatasi moja iliyochapwa. Ukimsubiri mtendaji aandike mwenyewe, siku ya mwisho ya maombi itapita akiwa kwenye ziara. Nenda wiki tatu kabla.

Hatua ya 8: Wasilisha

Siku mbili kabla ya mwisho, si usiku wa mwisho. Mtandao wa kijijini haumjui mfadhili. Kabla ya kubonyeza, mtu ambaye hakuandika asome na kulinganisha mambo manne: jina la kikundi ni lilelile kwenye cheti, benki, TIN na fomu, jumla ya bajeti ni ileile kwenye andiko na kwenye jedwali, idadi ya wanufaika haibadiliki ukurasa kwa ukurasa, viambatanisho vyote vinafunguka. Kikundi kimoja nilichokisaidia kiliandikwa "Umoja" kwenye cheti na "Umoja Group" benki. Kilikosa ruzuku kwa neno moja.

Hatua ya 9: Fedha zikiingia

Kwa NGO, mkataba unaozidi sh. milioni 20 unawasilishwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Usikate ombi liwe milioni 19.9 ili ukwepe, inaonekana. Taarifa ya mwaka inapelekwa na ada inalipwa hata mwaka ambao hamkupata kitu.

Fedha ya mradi isichanganywe na michango. Kila malipo yawe na hati ya malipo, risiti na saini mbili. Duka lenye mashine ya kodi (EFD) litoe risiti yake. Mama lishe asiye na mashine asaini fomu ya kupokea fedha yenye jina, simu, kiasi na kazi, na muulizeni mfadhili mapema mwisho wa malipo ya namna hiyo ni shilingi ngapi.

Mahudhurio yasainiwe siku ileile. Orodha yenye saini 40 za mwandiko mmoja nimewahi kuletewa, na wino bado unanukia.

Kikikwama

*Hatujajibiwa miezi mitatu.* Uliza mara moja, kwa heshima, kwa barua pepe. Kimya cha pili ni jibu.

*Tumekataliwa.* Ombeni maoni. Wakisema "haiendani na vipaumbele vyetu", mlikosea Hatua ya 4. Wakisema "matokeo hayapimiki", rudini Hatua ya 2. Andiko lilelile likirekebishwa linaweza kupelekwa kwingine wiki hiyohiyo, mradi mmebadilisha jina la mfadhili. Nacheka, lakini nimeona.

*Wametupa nusu ya tulichoomba.* Punguzeni vitongoji, si vikao. Kitongoji kimoja kilichofanyiwa kazi yote kina cha kuonyesha. Vitano vilivyofanyiwa nusu havina. Pelekeni bajeti mpya na namba mpya za matokeo kabla ya kusaini.

*Mtendaji anataka "chake".* Mstari wa bajeti wa kumlipa mtumishi wa umma kwa kazi yake ya kawaida usiwepo. Mwonyeshe mstari wa nauli ya vikao anavyohudhuria, akisaini kama wengine. Akizidi, mwende kwa mkurugenzi mkiwa na muhtasari wa kikao kilichopokea mradi.

*Mhamasishaji wetu naye amelewa kilabuni.* Litatokea. Wekeni kanuni mapema na isainiwe: kazini hakuna kunywa. Anayehitaji msaada aende kwa muuguzi yuleyule anayewapokea wengine, na nafasi yake isubiri mwezi mmoja.

*Vilabu havikupungua, vimehamia kata jirani.* Kaandikeni hivyohivyo kwenye ripoti, na idadi ya vilabu vya kule iliyohesabiwa kwa njia ileile. Ombi la mwaka wa pili linaanzia hapo, mkiwa na mtendaji wa kata ya pili kama mbia.